Wakulima wa Uluguru wawe wabia wa maji, wasiwe watuhumiwa: barua ya wazi kwa Waziri wa Maji na wasimamizi wa Mto Ruvu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji. Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Afisa Mtendaji Mkuu wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Na Kamishna wa Uhifadhi wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

YAH: OMBI LA MKATABA WA KUDUMU KATI YA WANAOKUNYWA MAJI YA RUVU NA WANAOISHI KWENYE VYANZO VYAKE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ninayeishi Dar es Salaam. Ndugu zangu wako mto unakoanzia, mimi niko bomba linakoishia. Sina cheo serikalini wala sitafuti kazi ya mradi. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara: linahusu maji yanayonywewa na mamilioni ya watu, na watu wachache wa mlimani ambao hawajawahi kuulizwa ipasavyo wanataka nini ili maji hayo yaendelee kushuka.

Mnaijua hesabu kuliko mimi, lakini naiandika kwa ajili ya wasomaji wengine. Mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Mitambo miwili, mto mmoja. Na mto huo, ukiacha siku za mvua za tambarare, unaishi kwa hisani ya mlima mmoja. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayotazama bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali upande wa magharibi, kule Mgeta, hupata nusu ya hiyo au pungufu. Mfizigo, Mbezi, Mvuha, Mgeta: hiyo ndiyo mito inayoufanya Ruvu uwe Ruvu mwezi wa tisa na wa kumi, wakati tambarare zote zimekauka. Ngerengere nayo hushuka upande wa mji wa Morogoro, ikapita bwawa la Mindu, mwishowe ikaingia humo humo.

Oktoba na Novemba 2022 sote tuliona ilivyo mto ukipungua. Mgawo ulitangazwa, madumu yakajipanga, wenye boza wakapandisha bei. Visima vya Kigamboni vikawashwa kwa haraka, na ninawashukuru waliofanya hivyo. Lakini nakumbuka pia lugha ya siku zile. Kila kipaza sauti kilizungumzia watu wa juu ya mto: wamechepusha maji, wamelima kingoni, wameingiza mifugo, waondolewe. Mengine yalikuwa kweli na yalistahili kusimamishwa. Ila sikumsikia mtu hata mmoja akisema ni nani amekuwa akitunza sehemu zisizochafuka, na ametuzwa nini kwa kufanya hivyo. Baada ya mvua kurudi, mjadala wenyewe ukasombwa.

Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda. Mkataba wake ulisainiwa Novemba 2022, thamani yake ni takriban shilingi bilioni 329, na litahifadhi lita bilioni 190. Naliunga mkono. Limesubiriwa kwa miongo mingi, na jiji linalokua namna hii haliwezi kutegemea mkondo mtupu wa mto. Lakini bwawa hupokea kila mto unacholeta. Ukileta maji litahifadhi maji. Ukileta udongo litahifadhi udongo, na udongo hautoki kwa kufungua lango. Watu wa Morogoro mjini hawahitaji kuhadithiwa hili. Mindu lilijengwa kwa ajili yao, na kila masika Ngerengere huongeza tope chini ya maji yanayoonekana mengi. Kujenga Kidunda bila kushughulikia miteremko ya juu yake ni kuweka akiba ya bilioni 329 mahali ambapo kila mwaka kitu kinaila.

Naomba niwaeleze udongo huo unaondokaje, maana ripoti nyingi huishia kusema "shughuli za kibinadamu" na neno hilo halimwonyeshi mtu wala jembe lake.

Mwezi wa nane na wa tisa shamba husafishwa. Majani hukatwa, hukauka, huchomwa moto, kwa sababu moto ni kibarua asiyelipwa na familia haina nguvu nyingine. Mvua za kwanza zinapofika, mteremko uko wazi kabisa, na mahindi yanapandwa kwenye mwinuko ambao mtu wa tambarare angeshindwa kusimama bila kushika kitu. Zamani shamba lilipumzishwa miaka kadhaa, kichaka kikarudi, mizizi ikashika. Siku hizi vipande vimegawanywa kwa watoto na wajukuu na mapumziko hayapo. Mvua ya nguvu ikinyesha kabla mahindi hayajafunika ardhi, utaona maji ya kijito yakigeuka rangi mbele ya macho yako. Ongezeni hapo barabara zinazochongwa milimani bila mitaro ya kueleweka, na wanaochekecha dhahabu mitoni. Siyo kila tope la Ruvu limetoka kwenye shamba la mkulima, na nitaomba mlikumbuke hilo kila mara kauli ya kuwahamisha watu inaporudi.

Mkulima mwenyewe anaona udongo ukienda. Anauona kabla yenu, maana ndio anaolimia. Tatizo lake ni kwamba kujenga matuta kunakula nguvu ya msimu mzima, kunapunguza eneo la kupanda, na kwa msimu mmoja au miwili ya kwanza mavuno yanaweza kushuka kwa sababu udongo wa chini umefukuliwa ukaletwa juu. Faida inakuja baadaye. Njaa haingoji baadaye. Na sehemu kubwa ya faida hiyo, yaani maji safi ya kiangazi, haibaki kwake. Inakuja kwetu huku Tabata, Mbagala na Kibaha. Tunachomwomba ni agharimike yeye ili tunufaike sisi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka hapa ni jiji.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye historia, kwa sababu bila historia hii hamtaelewa kwa nini mzee wa Matombo akisikia neno "matuta" uso wake hubadilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuja Uluguru na mpango mkubwa wa matumizi bora ya ardhi. Kitaalamu waliokuja hawakuwa wajinga. Waliona mmomonyoko, waliona Ruvu na Ngerengere zikibeba udongo, na walijua nini kinaendelea. Dawa waliyoleta ni matuta ya ngazi, kwa lazima. Kila mlipakodi alitakiwa kuchimba, na asiyechimba alishtakiwa. Hawakujali kwamba sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na ukiuchimba ngazi unaufukia na kuacha juu udongo usiozaa kitu. Hawakujali kwamba kule Mgeta watu walishakuwa na ngazi zao wenyewe, za kuvuta udongo juu ya majani yaliyolazwa ili yaoze humo, kazi nyepesi zaidi na inayorutubisha. Na zaidi ya yote hawakuuliza ardhi ni ya nani.

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ule haukunyanyuka tena. Matuta yakaachwa yakabomoka, na mengine yalibomolewa makusudi.

Naweka wazi: dawa ile ya miaka ya 1950 na dawa wanayoipendekeza wataalamu leo ni karibu ile ile. Kinga mteremko, punguza kasi ya maji, ziba nafasi kwa nyasi na miti. Kilichoiua ni namna ilivyoletwa. Kila operesheni inayopangwa leo, yenye gari la polisi mbele na bango la "tunza vyanzo vya maji" nyuma, inafufua kumbukumbu ile mlimani, hata kama mliomo ndani ya gari hamkuwa mmezaliwa.

Tena ushahidi kwamba inaweza kuletwa vizuri upo, na uko Uluguru kwenyewe. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha kwenye kidakio cha mto Mfizigo, yaani eneo linaloukusanyia mto maji yake, katika vijiji vya Kibungo Juu, mpango wa kuwalipa wakulima kwa kutunza maji. Wanunuzi walikuwa wa chini ya mto: shirika lililokuwa likisambaza maji Dar es Salaam wakati ule, DAWASCO, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliojiunga walichimba ngazi, walitengeneza fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), walipanda mistari ya majani kukata mteremko, walipanda miti na minanasi kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa mmoja. Wakalipwa kulingana na eneo na aina ya kazi. Wajukuu wa watu waliokataa matuta kwa damu wakayachimba kwa hiari yao, kwa sababu safari hii walikubaliana kwanza, walichagua aina ya kazi inayofaa shamba lao, na aliyefaidika alikubali kuchangia.

Lakini ulikuwa mradi, na miradi ina tarehe ya kwisha. Haukugeuka kuwa utaratibu wa kudumu wa bonde zima. Fedha nyingi za kuuandaa zilitoka nje, na mchango wa wanunuzi haukuwahi kuwekwa mahali ambapo bajeti ya kila mwaka ingelazimika kuukuta. Hapo ndipo kiini cha barua yangu kilipo. Ninachoomba hakihitaji kubuniwa upya. Kimeshajaribiwa kwenye mteremko huo huo na watu hao hao, kikafanya kazi, kikaachwa kife kwa kukosa mahali pa kukaa ndani ya mfumo wa serikali.

Mahali pa kukaa papo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilizipa bodi za mabonde kazi ya kutoa vibali na kukusanya ada za matumizi ya maji, na ikafungua mlango wa kamati za vidakio na Jumuiya za Watumia Maji. Tunayo mabonde tisa nchini na kila moja lina bodi. DAWASA hulipa ada kwa bonde kwa maji inayoyachukua. Upo pia Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao tangu mwaka wa fedha 2015/16 hupata shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na kazi zake kisheria zinagusa pia utunzaji wa vidakio vinavyolisha huduma za maji. Kwa hiyo fedha zipo na sheria ipo. Kinachokosekana ni njia ya wazi inayoshuka hadi kwa mama aliyechimba tuta Lanzi au Nyingwa, huko huko Kibungo Juu, ili ajue kwamba kila mwaka tuta likikaguliwa na kukutwa zima, malipo yake yapo.

Naomba tupige hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme kati ya maji yote yanayozalishwa, uniti 300,000 (uniti moja ni lita 1,000) kwa siku zinauzwa na kulipiwa. Tukitenga shilingi 10 kwa kila uniti kwa ajili ya mlima, hiyo ni shilingi milioni 3 kwa siku, zaidi ya shilingi bilioni moja kwa mwaka. Familia inayotumia uniti 15 kwa mwezi itachangia shilingi 150. Mimi ni mlipa ankara na nitazilipa bila kunung'unika, mradi zionekane kwenye ankara kama mstari wake wenyewe, na mwisho wa mwaka niambiwe zimechimba matuta mangapi na kijiji gani. Wapo watakaosema wananchi hawataki kuongezewa hata senti. Nadhani wananchi hawataki kuongezewa kitu wasichokiona. Wakati wa mgawo tulinunua dumu moja kwa bei inayozidi hizo 150.

Majirani zetu wametangulia. Nairobi hupata karibu asilimia 95 ya maji yake kutoka bonde la Tana, na mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya juu kwa ajili ya jiji hilo. Kampuni ya maji ya jiji, wazalishaji wa umeme wa KenGen na kampuni binafsi walikaa meza moja na wahifadhi. Wakulima wa Murang'a na kaunti za jirani wanachimba matuta, wanapanda majani ya tembo na kuvuna maji ya mvua kwenye mabwawa madogo ya shambani. Kabla ya kuanza walifanya uchambuzi wa kibiashara, wakakadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekwa juu ya mto zingeleta faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30, kwa sababu ya tope kupungua, umeme kuongezeka na mavuno kupanda. Huko huko Kenya, wakulima wa juu ya mto Malewa wamewahi kulipwa kwa vocha na watumiaji wa maji wa Ziwa Naivasha. Kama Nairobi imeweza kuzungumza na Murang'a, Dar es Salaam haina sababu ya kushindwa kuzungumza na Matombo, hasa sisi tunaozungumza lugha moja pande zote mbili.

Sasa kuna jambo ambalo, waheshimiwa, likikosewa yote mengine yatabomoka, nalo ni nani atatia sahihi.

Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi nyingi ya mlimani ni ya ukoo, hupita kwa akina mama, na mwanamume mara nyingi hulima shamba la ukoo wa mke wake. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyowashinda wakoloni. Kitu cha kudumu shambani, liwe tuta la ngazi au mti wa miaka ishirini, ni kama madai ya kudumu juu ya ardhi. Mwanamume anayelima kwa wakwe hana haraka ya kuwekeza jasho lake pale ambapo kesho anaweza kuambiwa aondoke. Ukoo nao hauna haraka ya kumruhusu apande karafuu zitakazomfanya ajione mwenyeji. Mradi ukija na fomu yenye mstari mmoja ulioandikwa "mkuu wa kaya," baba atasaini, mama atachimba, ukoo utanung'unika, na miaka mitatu baadaye tuta litaachwa. Mkataba lazima uwatambue wote watatu: anayelima, mwenye ardhi kwa ukoo, na kijiji chenye mamlaka chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na malipo yafike kwenye mkono unaoshika jembe. Simu za mkononi zinafika Kibungo. Fedha ya mama iende kwenye namba ya mama.

Vivyo hivyo kwa wazee wa koo na uchifu wa Kingalu kule Kinole, ambao kwa vizazi vingi watu waliwaendea kuhusu mvua. Misitu midogo ya matambiko iliyobaki kwenye chemchemi za Uluguru haikulindwa na bango lolote. Ililindwa na watu waliojua kwa nini haikatwi. Bodi ya bonde ikiwa na kiti cha kudumu kwa wazee hawa kwenye kamati ya kidakio, itapata walinzi ambao haikuwalipia mafunzo.

Kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sipingi sheria hiyo. Lakini simameni Matombo mtazame: vijito ni vingi na mabonde ni membamba kiasi kwamba mita 60 kila upande zikipimwa bila kufikiri, familia nyingine hazibaki na pa kupanda hata mgomba. Mlimani mistari hii inahitaji kujadiliwa kijito kwa kijito, kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kwenye chemchemi pasiguswe kabisa, na aliyepaacha alipwe kwa kupaacha. Kwenye kingo nyingine paruhusiwe zao lisilofukua udongo kila mwaka, kama migomba iliyochanganywa na miti. Mtu aliyekubaliana na mpaka wake atamfukuza jirani anayeuvuka. Aliyewekewa bikoni usiku ataing'oa.

Kuhusu miti nitasema kwa kifupi, maana nimeona siku nyingi za kupanda miti. Magari yanafika, mashimo yamechimbwa na vijana tangu jana, viongozi wanapanda, picha zinapigwa. Kiangazi kikija hakuna anayerudi na ndoo. Tena miche yenyewe wakati mwingine ni mikaratusi, mti unaofyonza maji kwa pupa, inapandwa karibu na chanzo! Naomba malipo yahesabiwe kwa mti ulio hai baada ya miaka mitatu, na aina ichaguliwe na wanaoishi hapo. Kwenye chemchemi mikuyu na miti ya asili ya msitu. Mashambani mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga chini ya kivuli, mazao ambayo upande wa Kinole na Matombo yanajulikana na yana soko. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoko hapo Morogoro, limekuwa likifundisha kilimo hai milimani, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ilishafanya kazi miaka mingi Mgeta kupitia mradi wa kilimo wa UMADEP. Ujuzi hauhitaji kuagizwa kutoka mbali.

TFS mnastahili pongezi kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye takriban hekta 24,000, ikiwemo ile sehemu ya Bunduki iliyokuwa imekatwa ikatenganisha msitu wa kaskazini na wa kusini. Ndege mmoja, kipwe wa Uluguru, hapatikani popote pengine duniani. Ombi langu kwenu ni moja: sehemu ya mapato ya utalii na viingilio itajwe kwa maandishi, kijiji kwa kijiji, ndani ya makubaliano ya usimamizi wa pamoja ambayo Sheria ya Misitu ya 2002 inayaruhusu. Vijiji vinavyozunguka hifadhi vinafanya doria na kuzima moto. Makubaliano yasiyotaja mgawo yanawaachia kazi na kuwanyima haki.

Halafu upimaji. Bila upimaji, watu wa mjini watachoka kulipa na watu wa mlimani watachoka kubishana. Nashauri SUA, kama chuo kilicho chini ya mlima huo huo, ipewe kazi ya kupima tope kwenye Mfizigo, Mvuha, Mgeta na Ngerengere, masika na vuli, mfululizo kwa miaka mingi, bila kusubiri mfadhili. Vijana wa kila kijiji wafundishwe kuchukua sampuli na walipwe. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye ofisi za DAWASA, yaliyo mazuri na yaliyo mabaya. Mtambo wa Mlandizi una takwimu za wingi wa tope katika maji yanayoingia na za dawa zinazotumika kuyasafisha. Zitolewe hadharani kila mwezi. Mkulima wa Kibungo akiona kwamba tope lililofika Mlandizi limepungua mwaka ambao kijiji chake kilimaliza matuta, atakuwa na hoja mkononi siku ya kujadili malipo. Tope lisipopungua, tutajua tuangalie barabara na machimbo.

Ninajua mtaulizwa kwa nini watu walipwe kwa kutii sheria. Jibu langu ni kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuacha msimu wa mahindi ili achimbe ngazi kwa faida ya jiji lililo zaidi ya kilomita 150 kutoka kwake. Hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Anayevunja sheria kwa makusudi, anayechekecha dhahabu mtoni au kuchoma msitu, ashtakiwe, na kijiji chenye mkataba kitakuwa cha kwanza kumtaja, kwa sababu anaharibu malipo ya wote.

Waheshimiwa, maombi yangu mnayo sasa. Kabla ya bajeti ijayo kusomwa bungeni, Wizara, DAWASA na Bodi ya Bonde waandike rasimu ya mkataba mmoja wa kidakio cha Ruvu ya juu, wenye chanzo cha fedha kilichotajwa kwa jina na kiasi, na muda usiopungua miaka kumi, maana mti na tuta havifuati kalenda ya mradi. Uanze na vijiji vya Kibungo Juu, ambako watu wanaijua kazi na wanakumbuka ahadi. Viongozi wa Jumuiya za Watumia Maji wapewe kiti chenye kura kwenye bodi ya mkataba huo, nusu kwa nusu na watu wa chini ya mto.

Na rasimu hiyo, kabla haijasainiwa na yeyote, isomwe kwenye mikutano mikuu ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa Kiluguru, baada ya mavuno na siyo wakati wa palizi, akina mama wakiwa wamekaa mbele. Nakala tatu ziachwe ofisi ya kijiji wiki mbili kabla ya mkutano. Mkihitaji watu wa kuitafsiri, tupo wengi huku mjini tuliozaliwa kule, na tuko tayari kupanda nanyi hadi Nyingwa kwa nauli zetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzaliwa wa Matombo, mlipa ankara wa Dar es Salaam

Nakala: Wenyeviti wa vijiji vya Kibungo Juu, Matombo, Kinole na Mgeta, Wabunge wa Mkoa wa Morogoro na wa Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.